Saa ya Kabati ya Minyororo Mitatu: Tathmini ya Mtambo na Matunzo Yake

Saa hii ndefu ya kusimama, yenye kabati la mbao na mtambo wa kampuni ya Hermle ya Gosheim, Ujerumani, naipendekeza kwa dhati kwa anayetaka saa isiyohitaji umeme wala betri, mradi awe tayari kuihudumia kila wiki.

Ubora wake umo katika nguvu inayoiendesha. Saa ya kamani, yaani springi iliyojikunja ndani, huvuta kwa kishindo ikishatiwa ufunguo, kisha hulegea kadiri siku zinavyopita. Hapa chuma kinachoning'inia huvuta gurudumu kwa uzito uleule siku ya kwanza na siku ya saba. Chuma hicho kingeporomoka mara moja lau gurudumu lisingezuiwa na kipande chenye umbo la nanga ambacho, kila pendulamu (fimbo inayoning'inia, yenye sahani mwishoni) inapobembea, huachia jino moja tu na papo hapo kuisukuma pendulamu kidogo ili isisimame. Mlio tunaousikia ni wa meno hayo yanapogota kwenye nanga. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyebuni saa ya pendulamu mwaka 1656, na urefu wa pendulamu wa karibu mita 1 ndio unaofanya kila mbembeo uchukue sekunde 1.

Vyuma ni vitatu: cha katikati huendesha mishale, cha kushoto hugonga saa, na cha kulia hupiga kengele za kila robo saa. Uzito wao huenda usilingane, kwa hiyo soma alama zilizo chini ya kila kimoja kabla ya kukitundika. Kuvipandisha, vuta polepole ncha huru ya mnyororo kuelekea chini, wala usikiinue chuma kwa mkono mwingine hata kwa nia ya kusaidia, kwani mnyororo uliolegea huchomoka kwenye meno yake. Koma kabla chuma hakijagusa ubao wa juu. Mtambo hutembea siku 8. Mimi nashauri ichaguliwe siku moja maalumu ya wiki. Ziko pia saa za waya zinazopandishwa kwa hendeli kupitia matundu ya usoni, lakini naona minyororo inamfaa zaidi asiye fundi, ingawa ina kelele.

Kazi hasa ni kuisawazisha. Kabati likiinama, mapigo hayalingani na saa husimama, hivyo pimamaji ni lazima. Ikichelewa, zungusha kulia nati iliyo chini ya pendulamu ili sahani ipande, kidogo kidogo, kwa sababu milimita 1 tu huiharakisha kwa sekunde zipatazo 43 kwa siku. Na kabla ya kuihamisha, funga kwanza minyororo kwa waya mwembamba karibu na mtambo, ndipo uondoe vyuma na pendulamu.