Wolfson au Errazuriz: nani kachokoza zaidi?

Mwaka 2017, New York ilishuhudia uchokozi wa kidijitali wa aina mbili, kutoka kwa wasanii wawili.

Jordan Wolfson alichagua uhalisia pepe (VR), yaani ulimwengu wa kompyuta unaokuzunguka ukivaa miwani maalumu. Katika *Real Violence*, iliyooneshwa Whitney Biennial, maonesho ya sanaa ya jumba la makumbusho la Whitney, unavaa miwani na vipokea sauti, unashika reli ya kushikilia iliyo mbele yako, kisha unajikuta barabarani mchana kweupe. Mwanamume amepiga magoti, anakutazama. Wolfson mwenyewe anampiga kwa gongo la besiboli, huku dua za Hanukkah, sikukuu ya Kiyahudi, zikisomwa kwa Kiebrania. Aliyepigwa ni mwanasesere aliyerekebishwa kwa kompyuta, lakini tumbo lako halijui hilo. Ukigeuza shingo usione, sauti bado inakufuata. Hakuna anayekueleza kisa cha kipigo hicho, na hapo ndipo wengi walipokasirika.

Sebastian Errazuriz, mzaliwa wa Chile, alitumia uhalisia ulioongezwa (AR), yaani picha za kompyuta zinazoonekana juu ya mandhari halisi. Snapchat, programu ya simu ya kutumiana picha, ilikuwa imeweka katika bustani ya Central Park sanamu pepe ya mbwa wa puto, kazi ya msanii Jeff Koons, inayoonekana kwa simu tu. Errazuriz akaunda nakala iliyochafuliwa kwa grafiti na kuiweka palepale kidijitali. Hoja yake: kwa nini kampuni ijitwalie bure anga ya bustani ya umma?

Kwa mshtuko, Wolfson hana mpinzani. Ila mimi nampa kura Errazuriz. Kipigo kinaisha ukivua miwani. Swali la nani anamiliki hewa iliyo juu ya nyasi za umma halijapata jibu hadi leo.