Bulls wa 1996 na Warriors wa 2016

Katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, msimu wa 1995–96 Chicago Bulls walishinda michezo 72, wakapoteza 10, kisha wakatwaa ubingwa. Miaka 20 baadaye Golden State Warriors waliivunja rekodi hiyo kwa kushinda 73, huku Stephen Curry akifunga mitupo 402 ya pointi tatu, ilhali kabla ya hapo hakuna aliyewahi kufikisha hata 300 katika msimu mmoja. Kwa mashambulizi, Warriors walivutia zaidi. Hata hivyo nawaweka Bulls mbele, kwa kuwa ulinzi wa Jordan, Pippen na Rodman haukulegea hadi mwisho, ilhali Warriors, waliokuwa wakiongoza fainali ya michezo saba kwa 3–1, walipokonywa kombe na Cleveland Cavaliers: katika mchezo wa saba, matokeo yakiwa 89–89 na ikisalia chini ya dakika moja, Kyrie Irving alimfunga Curry pointi tatu ana kwa ana.