Pleti ya kopa ya kupozea IGBT, kazi ya Nyakato: uzuri wake na kero zake

Wakuu mnaoyeyusha dhahabu kwa mashine za induksheni (zile za kupasha kwa koili ya umeme) hii inawahusu, hasa nyie wa Mwanza na Geita ambao kila mashine ikilipuka mnaambiwa ni umeme. Umeme una lawama zake sikatai, lakini nyingi ninazofungua mimi hapa mezani zimekufa kwa joto, na ukifuatilia unaishia kwenye pleti ya maji ya kupozea IGBT, ile swichi ya umeme mkubwa inayoendesha koili.

Iko hivi, mashine nyingi zinakuja na koili ya kopa na pleti ya alumini halafu maji yanayozunguka ni yale yale kote. Kopa na alumini kwenye maji ya mzunguko mmoja haziivi, anayeliwa ni alumini. Pasua pleti iliyochoka uone, vishimo vishimo kila mahali na uji mweupe umeziba njia, pampu inaunguruma ila maji yanatoka kwa kudondoka, sasa IGBT ambayo nyingi mwisho wake ni digrii 150 ndani ya chipu inavumilia nini hapo? Unaagiza nyingine mtandaoni inakuja alumini tena, umenunua ugonjwa ule ule.

Ndo nikaipeleka kazi kwenye karakana moja ya Nyakato, Mwanza, jina naliacha, wanaochonga bushi na shafti za mashine za kusaga. Wamenitengenezea pleti ya kopa tupu, unene milimita 15, njia za maji zimetobolewa kwa drili kutokea pembeni, halafu midomo isiyotakiwa ikazibwa kwa vipande vya kopa na kuchomelewa kwa silva kama wafanyavyo mafundi friji. Hapo kwenye silva ndo wamenikosha. Kuna watu wanaziba kwa risasi ya redio, wengine wanaweka kifuniko cha bolti na gasketi, na vyote vinakaa vizuri mpaka mashine ipate moto ipoe ipate moto ipoe, baada ya hapo ni kuvuja juu ya umeme. Nilijaza upepo wa kompresa bar 6 nikaizamisha kwenye beseni, hamna hata povu moja.

Kuhusu kupoza, wengi wanadhani dawa ni maji mengi na pampu kubwa. Piga hesabu bana, lita 1 ya maji kupanda digrii 1 inabeba jouli kama 4,186, kwahiyo moto wa wati 700 kwenye lita 2 kwa dakika unapandisha maji digrii 5 tu! Maji hayana shida, shida ni safari ya joto kutoka kwenye moduli (kile kipande chenye chipu za IGBT ndani) mpaka lifike kwenye maji. Kopa inasaidia hapo (inapitisha joto karibu wati 400 kwa mita kwa digrii, alumini safi ni kama 237 na za aloi huwa chini zaidi) lakini kopa ikiwa na bonde pale moduli inapokaa umetupa hela. Nilipaka pesti ya kupitisha joto, nyembamba, nikafunga bolti, nikafungua kuangalia alama, imesambaa vizuri kote ila kona moja ikabaki kavu kabisa. Niliwarudishia wakaisugua kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo, mdogo mdogo, wakigeuza geuza, mpaka alama ikajaa. Ilitakiwa wafanye hivyo kabla sijasema lakini hawakununa.

Kilichoniudhi ni fitingi. Kazi nzuri yote ile halafu wameweka nipo (viungio vifupi) za bomba la chuma, zile zilizopakwa zinki, kwenye pleti ya kopa! Yaani tumetoka kwenye ugomvi wa alumini tunaingia kwenye wa zinki. Nimetoa nikaweka za brasi kwa hela yangu. Pia maji yanaingilia na kutokea upande mmoja, matundu yamekaribiana mno, klipu ya hozi ya pili unaifunga kwa kuomba Mungu. Na tarehe ya kuchukua mzigo msiiamini, ni kawaida ya mafundi wetu.

Mashine niliyoifunga ni ya mzee mmoja mnunuzi, na siku namkabidhi nikamuuliza maji anaweka gani. "Ya ziwani mwanangu, na kabarafu kidogo ka kwenye samaki ili ipoe." Nikamwambia mzee wangu, ya ziwani yataota kijani na matope yataziba hizi njia, weka maji ya betri, yale yaliyosafishwa siyo asidi, na barafu ndo usiiguse kabisa, maana hewa yetu ya huku ina unyevu, pleti ikiwa baridi sana kuliko hewa inatoka jasho na jasho linadondokea kwenye teminali. Kucheka alicheka, ila barafu imeacha kuingia.

Bei laki na themanini na kopa yao, fitingi juu yako. Nyota 4, hiyo moja imeondoka na zile nipo. Mkienda kwao bebeni moduli yenyewe mkononi, waonyesheni chipu zimekaa wapi ili matundu yapite chini yake, na waambieni mapema maji yaingie upande huu yatokee ule.