Calmont, Mosel: mvinyo upo, ila magoti yaandae

Kiukweli Riesling ya Ujerumani, ule mvinyo mweupe, nilikuwa naidharau, nilishaonja zile za supamaketi, sukari tupu, nikasema hapana bana hii sio yangu. Sasa wiki iliyopita mimi na wife tukapanda treni mji wa Cochem, bonde la mto Mosel, unapita lile tunneli la Kaiser-Wilhelm, kilomita 4 na ushee za giza, ukichomoza tu uko kijiji cha Ediger-Eller na mlima Calmont huu hapa umekusimamia usoni. Njia ya kwenda kijiji cha Bremm inakatiza humohumo kwenye mizabibu, kuna sehemu unapanda ngazi za chuma na kuna waya wa kushikilia. Wanasema ndio shamba la mizabibu lenye mteremko mkali kuliko yote Ulaya, kuna mahali panafika nyuzi 65, na mimi siwabishii maana kipande kimoja nilishuka kwa makalio.

Udongo? Udongo wa kufinyanga mkononi hapa hupati, ni sleti, mawe bapa ya kijivu yanakatika kama vigae vya paa, ukikanyaga yanalia kama sahani zimevunjika. Saa tisa alasiri nikaokota kimoja nikakiachia hapohapo, moto! Kumbe ndio mchezo wenyewe, mlima umeelekea kusini, mawe yanameza jua mchana kutwa halafu usiku yanalirudisha kwa mizabibu, na kaskazini kote huku bila hivyo sijui zabibu ingeivaje. Trekta halikanyagi, watu wanavuna kwa mikono na mizigo inapandishwa na kiberenge cha reli moja. Nilikikuta kimepaki, kiti chenyewe kiduchu hivi, hata mnilipe sipandi.

Tukaenda kuonja kwenye kiwanda kimoja cha familia, jina naliacha maana huduma ilinikera, nusu saa tumekaa hata maji hakuna, halafu kadi hawapokei mpaka tukajikung'uta mifuko. Ile trocken, yaani kavu, kwangu ilikuwa ndimu tupu, meno yaliniuma, labda bado changa. Lakini ile ya daraja la Kabinett jamani! Kilevi asilimia 8 na nusu tu, inanukia tofaa bichi na ile harufu ya kokoto zikipigwa na mvua ya kwanza, utamu upo ila uchachu unaukata kabla haujakuchosha, glasi inaisha hujui imeishaje.

Halafu wakaleta Spätlese, daraja la zabibu zilizoiva zaidi, ya miaka 11, wife kanusa tu akanikanyaga mguu chini ya meza, hii si mafuta ya taa hii? Ndio, ni mafuta ya taa, na haijaharibika, Riesling ikizeeka ndivyo inavyonukia, ipe dakika kumi kwenye glasi utaanza kupata asali nyuma yake. Yeye hakushawishika, nikamalizia na yake.

Mkinunua msidanganywe na lebo, Kabinett na Spätlese zinasema zabibu ilikuwa imeiva kiasi gani ilipovunwa, sio utamu wa kwenye chupa, ndio maana kuna Spätlese trocken isiyo na sukari ya maana. Mimi nilibeba Kabinett tatu na ile ya mafuta ya taa moja. Na raba za mjini msiende nazo, zangu sleti imezichana soli zote mbili.