Walilipwa kutoa maji kwenye karavani, wakayaacha kwenye laini ya maji ya moto

Nyota moja. Nilikuwa nimeshabonyeza mbili, nikakumbuka jibu la yule bwana wa kaunta, nikaishusha.

Haya nayaandika kwa Waswahili wenzangu wa Minnesota na majimbo jirani mnaoanza kununua karavani za kuvuta, hasa zilizokwisha kutumika. Jina la yadi silitaji. Wanauza, wanatengeneza, na majira ya baridi wanahifadhi trela za wateja ndani ya uzio wao. Mkataba wa kuhifadhi unataka kazi ya kutoa maji na kuweka dawa ya kuzuia kuganda ifanywe na mafundi wao, kwa malipo. Mwenye trela haruhusiwi kuifanya. Shikeni hapo kwanza, maana ndipo panaponiuma zaidi: kazi walininyima, na walipoiharibu wakasema baridi ndiyo iliyoharibu.

Trela ilipotoka yadini, baridi ikiwa imekwisha, niliwasha pampu ya maji nayo ikakataa kunyamaza. Pampu nzima hujaza presha, hujikata, na hutulia mpaka ufungue koki. Ikijiwasha tena na tena huku koki zote zimefungwa, kuna mahali maji yanatoka, na mara nyingi ni mahali usipopaona. Safari hii palikuwa nyuma ya kisanduku cha bafu la nje: elbo (kiungo cha kona) ya plastiki, upande wa maji ya moto, imepasuka kwa urefu wake. Plaiwudi ya chini yake ilikuwa imeshaanza kuvimba.

Hapo ndipo hesabu inapowaumbua. Bomba za karavani za siku hizi ni za PEX, plastiki inayonyumbuka, na maji yakiganda ndani yake mara nyingi hutanuka bila kupasuka. Maji yakiwa barafu huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na ongezeko hilo hutafuta kitu kigumu cha kuvunja: elbo, tii (kiungo cha njia tatu), valvu ya choo, kikombe cha chujio mbele ya pampu. Elbo ikipasuka, basi maji yalibaki humo. Hakuna maelezo mengine.

Kwa nini yalibaki? Koki za maji baridi zote zilitoa dawa ya pinki, ile ya kuzuia kuganda. Za moto zilitoa maji meupe. Nilipofungua fimbo ya anodi ya hita ya maji (fimbo ya chuma inayolika badala ya tangi, nayo ndiyo huziba tundu la kumwagia maji), dawa ya pinki ikamwagika kutoka ndani ya tangi. Kumbe valvu za kuikwepa hita, zinazoyapitisha maji kando yake bila kuingia tangini, hazikugeuzwa. Tangi la hita ile linachukua galoni 6. Ankara yao wenyewe inasema walitumia galoni 2. Kwa trela ndogo galoni 2 zingetosha kabisa kama hita ingekwepwa. Kama haikukwepwa, dawa inayoelekea upande wa moto huishia kwenye tangi tupu na laini ya moto haipati hata tone. Fundi alifungua koki za baridi, akaona pinki, akafunga mlango akaenda kwenye trela nyingine.

Nikapeleka elbo, picha za valvu na ankara yao. Bwana wa kaunta hakuitazama ankara. Akasema maji huganda, hii ni Minnesota, na kwamba watu wanaotoka nchi za joto huwa hawaelewi baridi ya hapa. Mtu anayelipwa kwa sababu anaijua baridi, anamwambia mteja aliyeshika elbo iliyopasuka kwamba mteja ndiye asiyeijua! Nilimwonyesha mstari wa galoni 2, nikamuuliza zingejazaje tangi la galoni 6 na bado zifike bafu la nje. Akajibu kwamba dhamana haihusiki na madhara ya barafu. Hilo ni kweli, dhamana nyingi haziyahusishi. Lakini sikuwa nadai dhamana, nilikuwa nadai kazi niliyoilipia.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, jifunze valvu tatu za nyuma ya hita kabla hujajifunza kitu kingine chochote kwenye karavani. Moja iko kwenye bomba la baridi linaloingia, moja kwenye bomba la moto linalotoka, ya tatu kwenye kipande kinachoyaunganisha mabomba hayo mawili. Mkono wa valvu ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi, ukikatiza, imefungwa. Wakati wa matumizi mbili za kwanza ziwe wazi, ya tatu ifungwe. Wakati wa baridi geuza zote: mbili zifungwe, ya kati ifunguliwe. Baadhi ya trela zina mbili au moja tu, lakini kanuni haibadiliki. Na zikikaa hali ya baridi mpaka msimu wa joto, hita itabaki kavu. Ukiiwasha kwa umeme hivyo, elementi inaungua mara moja. Fungua koki ya moto kwanza, usiwashe mpaka maji yatoke mfululizo bila kutema hewa.

Kazi yenyewe haina siri. Zima hita, umeme na gesi, iache ipoe kabisa, kisha punguza presha kwa kuinua valvu ya usalama. Ukifungua fimbo ya anodi tangi likiwa na presha au moto, utaungua. Hita za Suburban zina anodi, hufunguliwa kwa soketi ya inchi 1 na 1/16, na ikiwa imelika kiasi cha robo tatu badilisha. Zenye tangi la alumini, kama zile za Atwood, zina kizibo cha plastiki tu, usiziwekee anodi. Mwaga tangi la maji safi, fungua vizibo viwili vya chini ya sakafu, kimoja cha moto na kimoja cha baridi. Geuza valvu za hita. Fungua chujio la pampu ulikaushe.

Baadaye chagua: kompresa ya kupuliza maji nje kwa hewa, au dawa. Kwa kompresa usivuke psi 50 (psi ni kipimo cha presha). Mimi hubaki kati ya 30 na 40, kwa sababu viungo vya plastiki havina ubishi na presha. Kwa dawa, tumia ile ya pinki ya propilini glaikoli iliyotengenezwa kwa mabomba ya karavani. Ya kijani ya injini ni sumu, isikaribie bomba la maji ya kunywa. Pampu ikivuta dawa kutoka kwenye dumu, fungua koki moja baada ya nyingine kuanzia iliyo karibu na pampu: baridi mpaka pinki kamili, funga, moto mpaka pinki kamili, funga. Kisha choo, bafu la ndani, na bafu la nje pande zote mbili. Bafu la nje ndilo husahaulika, kwa sababu tawi lake limeishia pale na hakuna kinachopita mpaka ulifungue lenyewe. Zima pampu, toa presha, ondoa kichujio kidogo cha pale mpira wa maji unapoungwa nje, bonyeza pini ya ndani mpaka pinki itoke. Mwisho mimina kikombe kimoja cha dawa kwenye trapu (kona ya bomba inayobaki na maji) ya kila sinki na ya bafu, na kingine chooni.

Ukimwachia fundi, simama naye kwenye koki za moto. Yadi isipokuruhusu kusimama, tafuta yadi nyingine.

Kuitengeneza elbo ni kazi rahisi. Kata PEX ya nusu inchi mahali pazima, mkato wima, ivishe pete, ingiza elbo ya shaba, bana pete ikiwa kati ya 1/8 na 1/4 ya inchi kutoka ukingoni. Plaiwudi ndiyo shughuli. Ifunue ipate hewa, weka feni, kisha ichokonoe kwa bisibisi. Ikizama, ubao umeoza na utakatwa.

Niwe mwadilifu hapa. Mama wa kaunta ya vipuri, yadi hiyohiyo, alinisikiliza. Aliichukua ile elbo, akaigeuza, akasema bila kuulizwa mara mbili kwamba hiyo ni barafu ya laini ya moto na valvu haikugeuzwa. Akanipa ya shaba badala ya plastiki, pete za saizi sahihi, na kunikumbusha nikague kikombe cha chujio la pampu na valvu ya nyuma ya choo, kwa sababu vitu hivyo hupasuka pamoja. Bei zake ni za haki. Kwa ajili yake nilikuwa nimeweka ile nyota ya pili. Na pengine fundi mwenyewe alikuwa kijana aliyerundikiwa trela nyingi, maana vuli kila mtu anafika wiki zilezile.

Lakini kila nikitaka kuwahurumia nakumbuka makabidhiano yao wanapokuuzia trela. Wanakuonyesha televisheni, taa za rangi na kivuli cha kukunjua. Hawakwambii kwamba valvu ya tangi la choo ikae imefungwa mpaka tangi lijae angalau theluthi mbili, kwa sababu ukiiacha wazi maji yanakimbia na kinyesi kinabaki kikikauka juu ya sakafu ya tangi. Hawakwambii umwage la choo kwanza, la sinki baadaye, ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Hawakupi kidhibiti presha cha psi 40 hadi 50 cha kuweka kwenye bomba la kambini. Hawakuonyeshi tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT (namba ya utambulisho inayoanza na herufi hizo) kwenye tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la trela huzeeka likiwa limesimama, hata kashata zikionekana mpya. Hawapandi juu ya paa kukuonyesha lakiri ya kuzuia maji iliyozunguka matundu ya hewa, ambayo mkaguzi makini huiangalia kila baada ya miezi michache. Mtu anaondoka na funguo na tabasamu, na msimu wa kwanza wa baridi unamkuta hajui hata hita iko wapi.

Niliomba waandike tu kwamba valvu haikugeuzwa. Walikataa kuandika. Wakajitolea kunipunguzia bei ya huduma ya baridi ijayo, huduma ileile!

Nyota inabaki moja. Wakilipa sakafu na kuiondoa ile kanuni ya kumzuia mteja asiguse mabomba yake, nitaongeza ya pili siku hiyohiyo. Vipuri nitaendelea kununua kwa yule mama. Trela hailali tena ndani ya uzio wao.