Rivyu ya Chalice Well, Glastonbury: kwa anayetafuta ibada ndogo ya kila siku

Wadau, kuna watu kadhaa wameniuliza kama inafaa kweli kulipa hela ukakae kwenye bustani yenye kisima, na jibu langu ni inafaa, tena sana, ila ujue unaenda kufanya nini. Ukienda kupiga picha, nusu saa umemaliza na utatoka unalalamika kwamba ni maua na maji tu. Ukienda kwa ajili ya roho yako, ukatulia, utatoka na kitu cha kufanya kila asubuhi chumbani kwako bila kununua chochote, na hiyo ndo sababu naipa nyota tano zote.

Kwa wasiopajua, Glastonbury ni mji mdogo Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza. Lile tamasha kubwa la muziki mnalolisikia halifanyiki mjini hapo, linafanyika kijiji cha Pilton. Mjini kwenyewe ndo wanakokutana wapagani wa kila aina, watu wa Wicca (dini ya kipagani ya kisasa), madruidi (wanaofuata njia ya makuhani wa kale wa Uingereza), wanaomwabudu Mungu wa kike, na Wakristo pia wanakuja kuhiji kwa sababu kuna magofu ya abasia ya zamani, yaani makao ya watawa. Na hawa watu sio wachache kihivyo, sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales watu kama 74,000 waliandika wenyewe kwamba dini yao ni Upagani, wakati 2011 walikuwa kama 57,000.

Najua wengi tumelelewa kanisani au msikitini na ukitaja upagani tu mtu wa nyumbani anawaza tunguri na kulogana. Mi nasema nilichokiona kwa macho yangu. Hamna damu, hamna kumfunga mtu wala kumrudisha mpenzi. Ni watu wanaowasha mshumaa, wanashukuru maji, wanafuata mwezi na majira, wanakaa kimya. Bibi zetu waliokuwa wanamwaga kidogo chini kabla ya kunywa wangefika pale wakaelewa bila kuelezwa na mtu.

Kufika ni rahisi ila kunachosha. Treni haifiki Glastonbury, stesheni ya karibu ni Castle Cary na hapo bado una safari. Ukiwa Bristol panda basi namba 376 linapitia mji wa Wells, kaa upande wa dirisha maana vilima vya Mendip ni vizuri. Ukishuka unatembea hadi Chilkwell Street, bustani iko pale chini ya kilima cha Tor. Tiketi unalipia getini, bei icheki kabla hujatoka nyumbani.

Sasa bustani yenyewe. Imepangwa kwenye mteremko, maji yanatoka juu kisimani yanashuka hatua kwa hatua mpaka bwawa la chini karibu na geti, kwa hiyo we ukiingia unapanda na maji yanakushukia, unayafuata kurudi yanakotoka. Hicho peke yake ni tafakuri tayari, usiharakishe. Kila yanapopita mawe yamekuwa mekundu ya kutu kwa sababu yana chuma nyingi, ndo maana wengine wanaiita Chemchemi Nyekundu. Yanatoka kama lita laki moja na ushee kwa siku, na joto lake liko kwenye nyuzi 11 kiangazi na baridi, na hata ukame mkubwa wa miaka ya 1920 haukukikausha. Wakristo wana hadithi yao kwamba Yusufu wa Arimathaya alificha hapo kikombe cha Karamu ya Mwisho, wapagani wanasema ni damu ya Mama Ardhi, na ndani ya bustani hakuna anayemkatalia mwenzie, kila mtu anainama kwa namna yake.

Katikati kuna sehemu inaitwa Lion's Head, kichwa cha simba cha jiwe kinatoa maji mdomoni, hapo ndo watu wanakunywa. Mi nilibeba kikombe changu cha bati. Ntawaelezea ninavyofanya maana ndo kitu naulizwa zaidi. Unakinga maji, unakishika kikombe kwa mikono miwili mpaka vidole vipate baridi, usiseme kitu kwanza. Halafu unamwaga kidogo ardhini, hiyo ni ya waliotangulia na ya pale mahali penyewe. Halafu unakunywa mafunda matatu polepole, la kwanza kushukuru, la pili unaomba, la tatu hulisemei kitu, unasikiliza tu. Ladha yake imejaa chuma, ni kama umelamba msumari, na mwanzo unaweza kutaka kutema ila ukimeza unabaki na hiyo ladha ulimini muda mrefu na inakurudisha pale pale kila akili ikitaka kukimbilia madeni na shifti za kesho. Hakuna mhubiri aliyewahi kunishika akili namna hiyo kwa dakika kumi, nasema kwa heshima kwa wahubiri wote.

Juu kabisa ndo kisima chenyewe, kimezungukwa na vikalio vya mawe na miti, na mfuniko wake ni wa mbao na chuma wenye duara mbili zilizoingiliana na mstari umepita katikati. Uliuchora Frederick Bligh Bond, msanifu majengo aliyechimbua ile abasia, na uliwekwa 1919 kama shukrani ya amani baada ya vita vya kwanza vya dunia. Zile duara mbili wapagani wanazisoma kama dunia inayoonekana na isiyoonekana, pale zinapoingiliana ndo mahali pa kuongea na Mungu au miungu au chochote unachokiita. Mi huwa nakaa hapo naangalia tu pale katikati, navuta pumzi, natoa. Ni meditesheni rahisi kuliko zote nilizojaribu kwa sababu jicho lina pa kukaa.

Ila jamani kilichonifanya niandike hii rivyu ni kengele. Saa sita mchana kamili na saa tisa alasiri inagongwa kengele na bustani nzima inanyamaza kwa dakika moja. Hakuna tangazo, hakuna mtu wa kukuambia shhh. Siku moja nilikuwa njiani napanda kengele ikalia, mkulima wa bustani aliyekuwa anasukuma toroli la majani akaliachia hapo hapo katikati ya njia akasimama mikono pembeni, mama mmoja alikuwa anamfungulia mtoto pakiti ya biskuti akaiacha imefunguliwa nusu, na yule mtoto, nahisi kama wa miaka minne hivi, akamwangalia mama ake akaona haongei na yeye akatulia. Nikaanza kusikia maji ambayo nilikuwa natembea nayo muda wote bila kuyasikia. Kengele ikalia tena, toroli likaendelea.

Na hii kitu ina historia. Taasisi inayotunza kisima ilianzishwa 1959 na Wellesley Tudor Pole, na huyu huyu ndo alipigania ile Dakika ya Kimya wakati wa vita vya pili vya dunia, kuanzia Novemba 1940 BBC walikuwa wanarusha kengele za Big Ben saa tatu usiku na watu nchi nzima wanakaa kimya kuombea amani, mabomu yanadondoka London. Fikiria hilo. Yaani watu wako chini ya mabomu na walichopewa cha kufanya ni dakika moja ya kunyamaza kwa pamoja, na wakaifanya. Nikisikia mtu anasema hana muda wa kusali nakumbuka hilo.

Ukitoka usirudi kwenye basi moja kwa moja, vuka Wellhouse Lane uingie White Spring, ni hatua chache tu. Hii ni chemchemi nyingine, maji yake yana chokaa, iko ndani ya jengo la mawe lililojengwa 1872 liwe tangi la maji la mji, chokaa ikaziba mabomba, mradi ukaishia hapo. Sasa hivi ni hekalu, linatunzwa na watu wa kujitolea, kiingilio bure unaacha sadaka ukipenda. Ndani giza, mishumaa tu, maji yanaanguka kwenye mabwawa na sauti inajaa jengo zima mpaka huwezi kusikia unachowaza. Picha na simu marufuku na mi naona ni sheria nzuri mno. Kuna kona ya Brigid, huyu ni wa Ireland, kwa wapagani ni mungu wa kike wa moto na uponyaji na mashairi, kwa Wakatoliki ni mtakatifu, sikukuu yake ni tarehe 1 Februari kwa wote, na moto wake huko Kildare masista waliuwasha tena 1993. Mzee mmoja wa kujitolea mlangoni aliniambia taratibu, mwanangu vua viatu kama unataka, sakafu ni maji lakini ni salama. Nikavua. Baridi ile inapanda mpaka magotini. Niwatahadharishe pia kuna watu wanaingia bwawani kuoga na wengine hawavai kitu, hakuna anayekodoa macho, ila ukija na watoto au na mkweo ujue mapema. Hapafunguliwi muda wote, mara nyingi ni mchana, kwa hiyo ulizia kwanza.

Maduka ya High Street nayapita haraka. Mishumaa, mawe, kadi, majoho, vyote vipo na vingine ni vizuri, ila duka moja walitaka kuniuzia boksi la "ibada ya asubuhi" kwa hela ambayo mi nanunulia chakula cha wiki nzima na ndani mlikuwa na mshumaa mmoja, kijiwe, na kipakti cha ubani kidogo hata kujaa kiganja hakijai. Ubani! Ule ule wa kufukizia nyumba ambao ukienda kwenye maduka ya Wasomali pale Easton Bristol unapata mfuko mzima na mama muuzaji anakuelekeza upi wa kutafuna na upi wa kuchoma. Msikubali kuambiwa kwamba bila boksi huwezi kuanza.

Maana nilichotoka nacho Chalice Well na ninachokifanya mpaka leo ni hiki. Asubuhi kabla sijashika simu naweka bakuli la maji, mshumaa, chumvi kidogo kwenye kisahani, na ubani kama dirisha linafunguka (nyumba za kupanga zina alamu za moshi, usije ukaamsha jengo zima). Hivyo vinne ni maji, moto, ardhi na hewa. Nageukia mashariki nasalimia hewa, kusini moto, magharibi maji, kaskazini ardhi, neno moja moja tu, wala huhitaji Kiingereza cha kale, mi nasalimia kwa Kiswahili na nahisi kabisa napokelewa. Halafu nakaa, miguu chini, nawaza nyayo zangu zimeota mizizi inashuka chini ya sakafu, chini ya lami, mpaka udongoni, nikivuta pumzi inapanda, nikitoa inashuka. Namalizia na dakika ya kimya. Yale maji simwagi kwenye sinki, nanyweshea mmea. Mwezi ukiwa mpevu naongeza muda kidogo dirishani basi. Nikiwa kazini saa sita mchana, kama naweza, nasimama sehemu yoyote, hata stoo, nanyamaza dakika moja, najua kule kengele inalia na kuna watu wamesimama.

Nafanya kazi ya kulea wazee, ni kazi inayokausha moyo kama huna pa kujaza, na mi nimepata pa kujaza. Nalisema wazi hilo kwa sababu kuna wenzetu wengi huku ugenini wanakauka kimyakimya, kanisa liko mbali au shifti zinagongana na ibada, na wanadhani mlango wa kumfikia Mungu umefungwa mpaka Jumapili ijayo.

Haimfai nani? Mtu anayetaka kuongozwa hatua kwa hatua hapa hatapenda, hakuna mwalimu anayekufuata, unaachwa na maji na nafsi yako. Mwenye shida ya magoti ajue kuna mteremko na ngazi. Na mwenye imani yake ambaye moyo utamsuta, ndugu yangu usijilazimishe, kaa kwenye kikalio uombe kwa dini yako, kuna watu wanafanya hivyo pale kila siku na hawaulizwi.

Nendeni katikati ya wiki, Jumamosi za kiangazi na zile siku kuu zao watu wanajaa hasa tarehe 1 Mei ya Beltane, sikukuu yao ya kupokea kiangazi, ambayo ni raha kuiona mara moja ila kutulia hutatulia. Fikeni kabla ya saa sita ili kengele isiwapite. Bebeni koti hata kama ni Julai, chupa tupu ya kujazia maji, na soksi za kubadilisha kwa ajili ya White Spring. Ratiba ya basi la kurudi ipigeni picha mkishuka, jioni yanapungua.