Uzoefu wangu na Access: kuifanya fomu moja ienee kwenye kila skrini

Natengeneza kanzidata za Microsoft Access kwa vyama vya akiba na mikopo na zahanati ndogo hapa Morogoro. Simu nyingi ninazopigiwa hazihusu hesabu wala ripoti, zinahusu fomu isiyoenea kwenye kioo. Karani anafungua fomu ya mwanachama, jina analiona na namba anaiona, lakini kitufe cha kuhifadhi kimezama chini. "Fundi, fomu yako haishuki." Mwenzake wa meza ya pili, mwenye monita pana, anaona fomu hiyohiyo imejibana kona ya juu kushoto na upande wa kulia mtupu. Faili ni moja, mashine ndizo tofauti.

Watu wengi hukimbilia kulaumu resolusheni. Kwa ninavyoona mimi, hiyo ni nusu tu ya habari. Access hupima fomu kwa twip, na twip 1,440 ni inchi moja. Windows ikiwa kwenye ukubwa wa asilimia 100 (ile sehemu ya mipangilio ya skrini inayokuza maandishi na picha), inchi hiyo huchukua pikseli 96. Ukipandisha hadi asilimia 150 huchukua pikseli 144. Sasa piga hesabu. Laptopu ya 1366 kwa 768 kwenye asilimia 100 ina nafasi ya inchi 14.2 kwa 8. Zile monita za mtumba zinazokaribia mraba, za 1280 kwa 1024, zina inchi 13.3 kwa 10.7. Chukua laptopu mpya ya 1920 kwa 1080 iliyowekwa asilimia 150: inabaki na inchi 13.3 kwa 7.5. Yaani fomu inapata nafasi ndogo kuliko kwenye laptopu ya zamani! Mteja akikwambia amenunua mashine nzuri zaidi na sasa fomu ndiyo haienei, mwamini. Na hapo hujatoa nafasi inayoliwa na utepe wa amri juu na mwambaa wa Windows chini.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza siku hizi ni kusanifu kwa ajili ya ile skrini finyu kabisa iliyopo ofisini, ndipo niiache fomu itanuke kwenye pana. Kutanuka huko Access yenyewe inakuwezesha tangu toleo la 2007, bila kuandika msimbo hata mstari mmoja. Ukichagua kisanduku na kufungua orodha ya sifa zake utakuta Horizontal Anchor na Vertical Anchor, yaani ushikaji wa ulalo na wa wima. Kikiwa Left kinakaa kilipo. Kikiwa Right kinaufuata ukingo wa kulia dirisha linapopanuka. Kikiwa Both kinashikwa pande zote mbili, basi kinavutika. Fomu ndogo ya orodha ya marejesho nimeishika kulia na kushoto, juu na chini, na kwenye monita pana afisa mikopo anaona safu nyingi zaidi bila kugusa kitu. Hili peke yake limepokewa vizuri kuliko jambo lolote nililowaongezea.

Hata hivyo ina masharti yake. Visanduku viwili vilivyo bega kwa bega, vyote vikiwa Both, vitapandana, kwa sababu kila kimoja kinajivuta bila kujua jirani yupo. Ama uchague kimoja tu cha kuvutika katika mstari huo, ama uviweke vyote ndani ya mpangilio wa gridi, ambao kuanzia toleo la 2010 umekuwa rahisi zaidi kuupanga. Pia angalia namna madirisha yanavyofunguka: ukichagua hati zenye vichupo, fomu inajaza eneo lote na ushikaji unafanya kazi mara moja. Ukiwa na madirisha yanayopandana, fomu inafunguka kwa ukubwa wake wa kawaida, na itabidi uiongezee DoCmd.Maximize, amri ya msimbo inayotanua dirisha hadi lijaze eneo lote.

Kuhusu kitufe cha kuhifadhi kilichokuwa kinazama, dawa iliyonifaa haihusiani na kutanuka hata kidogo. Nimehamishia vitufe vyote kwenye sehemu ya chini ya fomu, Form Footer. Sehemu hiyo hubaki mguuni mwa dirisha wakati ile ya kati inapanda na kushuka. Ningeshauri mtu yeyote aanze na hili kabla ya mengine, maana karani asiyekiona kitufe hawezi kumaliza kazi, lakini fomu iliyoacha nafasi tupu kulia ni kasoro ya sura tu.

Sasa upungufu mkubwa: ushikaji unatanua visanduku, maandishi yanabaki vilevile. Mhasibu mwenye macho yaliyochoka anapata kisanduku kirefu chenye tarakimu zilezile ndogo. Toleo la 2016 linalotumika kwa wateja wangu halina kitelezi cha kukuza fomu kama kile cha Excel. Shift+F2 hufungua kisanduku kikubwa cha kusomea uga mmoja, na kwa maelezo marefu inasaidia, ila huwezi kufanya kazi ya siku nzima hivyo.

Hapo ndipo msimbo wa VBA, lugha ya programu iliyomo ndani ya Access, unapoingia. Wazo lake ni jepesi: fomu inapofunguka, pima dirisha, tafuta uwiano na ukubwa uliosanifia, kisha zidisha nafasi, upana, urefu na saizi ya maandishi ya kila kitu kilichomo. Utekelezaji ndio mgumu. Ukiwa unakuza, sehemu ya fomu lazima irefushwe kabla ya visanduku vilivyomo, na kidhibiti cha vichupo kabla ya watoto wake, yaani visanduku vilivyo ndani yake. Ukiwa unapunguza, unageuza mpangilio, watoto kwanza. Orodha kunjuzi zina upana wa safu zake ambao haubadiliki mpaka uukokotoe peke yake. Saizi ya maandishi hupokea namba kamili tu, hivyo 8 mara 1.3 inaishia 10, kisanduku kikikua kwa ulaini huku herufi zikiruka. Na msimbo ule wa zamani unaoiuliza Windows vipimo vya skrini hautakubali kwenye Office ya biti 64 mpaka matamko yake yaongezewe neno PtrSafe, linaloiambia Office kwamba yanafaa kwa biti 64.

Nimeutumia, na unafanya kazi. Lakini siuweki tena kwenye kila fomu. Fomu zenye vichupo vingi hufunguka kwa uzito kwenye mashine dhaifu, na kila ukiongeza kisanduku kipya inabidi uhakikishe hakijavuruga wenzake. Umebaki kwenye fomu moja tu, ile ya kaunta inayomwonyesha mwanachama salio lake, kwa sababu pale maandishi makubwa ndiyo huduma yenyewe: mzee anasimama upande wa pili wa meza na anataka ajisomee mwenyewe. Fomu hiyo ina visanduku vichache, haina vichupo, na msimbo haujawahi kuisumbua.

Anayegawa kazi yake kwa ofisi zisizo na leseni ya Access ajue kwamba Access Runtime, toleo la kuendeshea kanzidata bila kuzihariri, ni ya bure, na ushikaji unafanya kazi humo kama kawaida. Kabla ya kubeba flashi kwenda kwa mteja, fungua mipangilio ya skrini ya mashine yako, weka asilimia 150, toka kwenye Windows uingie upya, kisha pitia fomu zote moja baada ya nyingine ukitafuta kitufe kilichofichika.